Nyota nne, visiwa vitatu: kwa nini Maore walikataa uhuru?

Mwalimu_Chumbageni

Wadau, habari za jioni. Nafundisha historia kidato cha tatu na cha nne hapa Tanga. Jana nilikuwa nachora bendera za majirani ubaoni, nikafika Komoro. Binti mmoja wa dawati la mbele, ambaye hanipi nafasi ya kupumua, akanyoosha kidole. "Mwalimu, nyota ni nne na mistari ni minne, mbona umesema visiwa vitatu?" Nikamwambia cha nne ni Maore, ambacho Wafaransa wanakiita Mayotte, kiko chini ya Ufaransa. "Kwa nini?" Walipiga kura. "Walipiga kura kukataa uhuru? Wao wenyewe?" Kengele ikaniokoa.

Usiku nimesoma nilichokipata nikazidi kuchanganyikiwa. Naona kura ya 1974, kura mbili mwaka 1976, kura ya 2000, kura ya 2009. Watu gani hawa wanaoulizwa jambo lilelile kila mara? Au si jambo lilelile? Najua humu wamo wenye ndugu huko. Nisaidieni kabla ya Alhamisi, maana Alhamisi ana kipindi changu tena.

KijiweNongwa

Jibu fupi: euro. Kipindi kimekwisha, watoto waende mapumziko.

Mzalendo_Pwani

Si mzaha huo ndugu. Mwalimu, mwambie huyo binti Umoja wa Mataifa uliipokea Komoro Novemba 1975 ikiwa nchi ya visiwa vinne: Ngazija, Nzwani, Mwali na Maore. Mwaka 1976 Baraza Kuu likalaani kura za Ufaransa kule Mayotte na kuzitangaza batili. Msingi wenyewe ni wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Cairo 1964: mipaka ya mkoloni ibaki ilivyo, asije mtu akajimegea kipande. Kura ya Desemba 1974 ilikuwa moja, na jibu lilikuwa moja: zaidi ya asilimia 94 walitaka uhuru. Ukianza kuhesabu kisiwa kwa kisiwa, kesho tuhesabu mtaa kwa mtaa.

BintiMtendeni

Marahaba mwalimu, ingawa hujaniamkia.

Mie ni Mngazija wa Unguja, nimezaliwa Mtendeni mwaka 1957. Baba alikuwa na karatasi za Kifaransa, na Kifaransa chenyewe hakukijua hata cha kuombea maji. Mwaka 1968 Wangazija wa Unguja tulipoambiwa si raia mpaka tuombe upya, baba alifunga masanduku tukahamia Moroni, mji wa Ngazija. Kwa hivyo Desemba 1974 nilikuwako. Nilikuwa na miaka 17, kura sikupiga, lakini nilicheza ngoma usiku kucha kama wenzangu. Na nina shangazi Pamandzi, kwenye kile kisiwa kidogo cha Maore, ambaye usiku ule alikuwa analia. Nimeishi na hadithi zote mbili humu kifuani, sasa nazitoa.

Mzalendo, uliyoyasema ni kweli. Ila umeanzia mwisho. Anzia 1961.

Desemba ile Ufaransa iliipa Komoro serikali yake ya ndani. Kwa lugha ya kwetu tungeiita serikali ya madaraka, kama ile waliyopewa Kenya Juni 1963: mnajitawala nyumbani, lakini jeshi, mambo ya nje na sarafu vinabaki kwa mwenyewe. Rais wa baraza la serikali akawa Said Mohamed Cheikh, daktari, mtu wa Ngazija. Sisi tulijivuna kweli kweli. Hatukujiuliza madaraka yakishashuka melini Moroni, nani atayapandisha jahazi yafike Maore. Yalishuka Moroni yakakaa Moroni.

Na si madaraka peke yake. Mji mkuu tangu enzi za Wafaransa ulikuwa Dzaoudzi, jiwe lile dogo lililounganishwa na Pamandzi kwa njia nyembamba baharini. Mwaka 1958 ikaamuliwa uhamishwe Moroni, na miaka ya 1960 ofisi zikafungwa moja moja, makabati yakapakiwa. Ukisoma kwenye vitabu ni mstari mmoja: "mji mkuu ulihamishwa." Kwa shangazi yangu mstari huo ulikuwa mume.

Yeye ni Mngazija kama sisi, akaolewa na karani wa Kimaore aliyekuwa akifanya kazi Dzaoudzi. Ofisi ikahama, karani akahama nayo. Shangazi akabaki, kwani Maore nyumba ni ya mwanamke na yeye alikuwa ameshajenga ya kwake, ana watoto watatu na mnazi uani. Mwaka wa kwanza pesa zilikuja. Mwaka wa pili zikaja nusu. Mwaka wa tatu ikaja habari kwamba karani ameoa Moroni. Basi ukipiga hodi nyumba kumi Pamandzi, sita au saba zina hadithi ya namna hiyo. Mchele haufiki, kazi hakuna, na kila uamuzi unatoka kwa watu wa Moroni ambao wakija kutembea wanakuja na miwani ya jua na mkoba.

Hao wenye mikoba ndio waliokutana na wanawake.

Mwalimu, hili binti yako atalipenda. Wanawake wa Maore, wakiongozwa na Zéna M'Déré wa Pamandzi, hawakuwa na bunduki wala kura za kutosha barazani. Walitekenya. Kiongozi anashuka kutoka Moroni, anazungukwa na wanawake ishirini, thelathini, wamejifunga salouva zao, na wanamtekenya mbavu na makwapa mpaka anacheka machozi, mkoba umeanguka, miwani imeanguka, heshima nayo. Amfanye nini? Ampige mama wa watu hadharani? Anarudi alikotoka. Shangazi alikuwamo. Mngazija anawatekenya Wangazija wenzake! Kuna mmoja alikuwa binamu yake, na kila akisimulia hapo husema, "Huyo nilimtekenya kwa niaba ya mume wangu."

Lakini haikuwa kicheko tu. Wengine walifungwa jela. Oktoba 1969 mwanamke kijana, Zakia Madi, alikufa katika vurugu za maandamano, na mpaka leo Maore wanamtaja kama shahidi wao.

Ndiyo maana, KijiweNongwa mwanangu, neno lako la euro linanikera. Mwaka 1969 euro ilikuwa haijazaliwa, na faranga zenyewe hawakuziona. Walikuwa wanakimbia, na waliokuwa wakikimbiwa ni sisi.

KijiweNongwa

Shikamoo mama. Nimekaa chini, endelea.

BintiMtendeni

Marahaba. Haya, kura.

Juni 1973 Paris na Ahmed Abdallah, kiongozi wa serikali ya Komoro, walipatana: uhuru ndani ya miaka mitano, na kura zihesabiwe kwa jumla. Hapo Mzalendo ana haki yake, maana sheria ilipotungwa Novemba 1974 mtu alitia herufi moja. Waliandika kuulizwa kwa "populations" za Komoro, kwa wingi, si "population". Yaani si umma mmoja, ni jamii kadhaa. Herufi s moja tu, mwalimu! Kwenye lugha yetu tungehitaji sentensi nzima kuficha hila hiyo.

Tarehe 22 Desemba 1974 watu wakapiga kura. Ngazija, Nzwani na Mwali karibu kila mtu alisema ndiyo. Maore zaidi ya asilimia 60 walisema hapana. Tazama namba hiyo vizuri: si asilimia 99. Theluthi moja na zaidi ya Wamaore walitaka uhuru pamoja nasi. Maisha ya watu hao baadaye yalikuwa magumu, wengine walilazimika kuondoka, na hadithi zao Maore hazisimuliwi sana barazani.

Bunge la Paris likaja na sharti jipya, tarehe 3 Julai 1975: katiba ya Komoro ikubaliwe kisiwa kwa kisiwa. Yaani Maore wapewe kufuli la mlango. Abdallah hakungoja. Tarehe 6 Julai akatangaza uhuru peke yake. Mie nadhani aliwafanyia Wafaransa kazi yao. Angekaa nao chini, angewapa Wamaore bunge lao dogo na sehemu ya fedha, nani ajuaye. Lakini Moroni wakati ule ukitaja kugawana madaraka na visiwa unaitwa kibaraka.

Halafu 1976, na hapa ndipo ulipochanganyikiwa mwalimu, kwa sababu maswali yalikuwa tofauti. Februari waliulizwa: mnarudi Komoro au mnabaki Ufaransa? Asilimia 99 na zaidi walisema wanabaki. Aprili wakaulizwa: hadhi yenu ya eneo la ng'ambo mnaiendeleza au mnaiacha? Wao walichotaka ni kuwa mkoa kamili wa Ufaransa, kama Réunion. Karatasi ya kura haikuwa na jibu hilo. Wakafanya nini? Wakaja na karatasi zao wenyewe kutoka nyumbani, zimeandikwa wanataka mkoa, wakazitumbukiza. Karibu kura 8 katika kila 10 zikahesabiwa zimeharibika. Umewahi kusikia kisiwa kizima kinaharibu kura kwa adabu namna hiyo?

Shangazi alibaki na karatasi moja, aliikunja ndani ya msahafu. Nimeiona kwa macho yangu.

Ufaransa ikaona aibu kukubali na aibu kukataa, ikawapa hadhi ya katikati. Si eneo la ng'ambo, si mkoa. Wakakaa hivyo miaka. Mwaka 2000 ikaja kura ya kupandisha daraja kidogo, asilimia 73 wakakubali. Mwaka 2003 jina la Mayotte likaandikwa ndani ya katiba ya Ufaransa yenyewe. Hilo si dogo, kwani kabla ya hapo kulikuwa na kifungu tu kinachosema ardhi haitolewi bila ridhaa ya wenyeji. Kisha tarehe 29 Machi 2009 swali walilolingoja tangu 1976 likaulizwa, na asilimia 95 wakasema ndiyo. Tarehe 31 Machi 2011 wakawa mkoa wa 101.

Kwa hiyo mwalimu, mwambie binti: Desemba 1974 waliulizwa mnatoka? Mara zote zilizofuata, mbali na ile Februari, waliulizwa mnakaa vipi.

Mwalimu_Chumbageni

Shikamoo mama, na unisamehe nilianza bila salamu. Nimenakili yote kwenye daftari. Ila kuna kitu bado kinanisumbua. Wenzetu wote walikuwa wanadai kujitawala, hawa walidai kutawaliwa sawasawa na wengine. Walipata walichotaka? Na dini je? Nasikia makadhi waliondolewa.

Kadutu_Boy

Jambo sana mwalimu, jambo mama. Mutanisamehe Kiswahili changu cha Bukavu. Miye niko Mamoudzou, Mayotte hapa hapa, mwaka wa nne sasa. Tulifika wengi wa Kongo, Burundi na Rwanda, kuomba hifadhi. Wenyeji wakitusikia wanashangaa, wanahesabu moja, mbili, traru, nne, tsanu, tunaelewana bila Kifaransa. Na ile mitumbwi ya mashini inayotoka Nzwani usiku wanaiita kwassa-kwassa, jina la dansi ya kwetu Kongo, kwa sababu inatingishika hivyo. Siku ya kwanza nilicheka. Baadaye nilijua watu wangapi wanakufa ndani yake, kilomita 70 tu za bahari, tangu walipoweka viza mwaka 1995. Sikucheka tena.

Mwalimu anauliza kama walipata. Ngoja nikuambie habari ya kadi yangu. Nimepewa kibali cha kukaa, kimeandikwa Jamhuri ya Ufaransa. Lakini hakivuki bahari! Kibali cha Mayotte kinaishia Mayotte, kwenda Paris au hata Réunion lazima uombe ruhusa nyingine. Mkoa wa 101, lakini ukuta uko ndani ya nyumba. Na wenyeji wenye uraia nao wana yao: kima cha chini cha mshahara kiko chini ya kile cha Paris, msaada wa asiye na kipato ni nusu. Mwaka 2023 maji ya bomba yalitoka siku moja kati ya tatu. Rafiki yangu mzee wa hapa Mtsapéré alisema: "Tulipiga kura tuwe Wafaransa, wametufanya Wafaransa wa mkopo."

Wenyeji na sisi hatupendani sana, sitaficha. Uwanja wa Cavani walitaka mahema yetu yavunjwe, na yalivunjwa, 2024. Nilikuwa na hasira. Sasa nikisoma mama anasema walivyokimbia Moroni, naelewa kidogo wanavyoogopa kurudishwa. Kidogo tu.

Mzalendo_Pwani

Kumbe basi! Mkoa wa mkopo. Wangebaki nasi.

Sajini_Mstaafu_TBR

Mzalendo, wabaki na nani? Mimi nilikwenda Nzwani na JWTZ Machi 2008. Watu wanasahau kwamba Agosti 1997 Nzwani nao walijitenga na Moroni, wakapandisha bendera ya Ufaransa, wakaomba warudishwe. Ufaransa ikakataa. Yule anayetaka kutoka hatoki, anayetaka kurudi harudishwi. Ikabidi katiba iandikwe upya 2001, kila kisiwa kikapewa rais wake na urais wa Muungano wa Komoro ukawa wa zamu. Kanali Mohamed Bacar, rais wa Nzwani, akagoma kuachia madaraka, ndipo Umoja wa Afrika ukatutuma. Tulifika kwa mashua alfajiri, yeye akatoroka kwa boti. Alikimbilia wapi? Mayotte.

Sikuwahi kuona watu wanatushangilia vile, lakini jioni kijana mmoja aliniuliza kwa Kiswahili kizuri kabisa: "Mtatusaidia na viza?"

BintiMtendeni

Sajini, ahsante. Hilo la 2001 ndilo ninalolisema kila siku: hicho walichopewa Nzwani na Mwali baada ya damu, ndicho Wamaore walichokuwa wakikililia 1966. Na zamu yenyewe mwaka 2018 ikachezewa tena kwa kura ya maoni. Nikimwambia mdogo wangu wa Moroni hivyo ananikatia simu.

Mwalimu, la dini. Kabla ya kura ya 2009 Paris waliwaambia wazi kitakachoondoka. Ndoa za wake wengi zilikuwa zimeshaanza kufungwa tangu 2003, kwa vijana watakaofikia umri wa kuoa kuanzia 2005. Makadhi walinyang'anywa hukumu mwaka 2010. Wapo, wanasuluhisha na kushauri, lakini talaka, mirathi na watoto ni kwa hakimu wa Kifaransa. Waliambiwa pia malipo ya serikali yatapanda taratibu kwa miaka ishirini na kitu. Wakasema ndiyo. Nilimuuliza shangazi, wewe hajati, unawezaje? Akanitazama. "Kadhi gani aliyenirudishia mume wangu kutoka Moroni?" Sikuwa na jibu, na mie ni mtu wa majibu.

La majina liliwauma zaidi kuliko la kadhi, kwa nilivyoona. Sisi mtu ni jina lake na la baba yake, basi. Ufaransa inataka jina la ukoo linaloshuka. Kila mtu akalazimika kuchagua. Watoto watatu wa shangazi, mama mmoja baba mmoja, wamechagua majina matatu: mmoja la babu, mmoja la baba, na mdogo akachukua lakabu ya baba aliyoitwa kazini. Sasa kila kwenye karatasi wanaulizwa kama kweli ni ndugu. Na ardhi! Ardhi ambayo kila mtu anajua ni ya fulani kwa sababu bibi yake alipanda mwembe pale, leo inatakiwa hati. Kwetu Ngazija tunalo manyahuli, ardhi ya upande wa kikeni ambayo haiuzwi. Hebu kaa na mpima ardhi kutoka Lyon umweleze manyahuli.

Na miezi michache tu baada ya kuwa mkoa, mwishoni mwa 2011, kisiwa kilifungwa wiki kadhaa kwa migomo ya bei za vitu. Mabawa ya kuku, hivyo hivyo wanavyoyaita, mabawa, yalikuwa miongoni mwa yaliyogombewa. Mie nilikuwa nimekwenda na mzigo wa khanga na karafuu, nikakwama. Kila jioni vijana wameweka magogo barabarani, wanachoma mabawa hayo hayo waliyoyapata kwa shida, wanatugawia. Nilikula mabawa mengi kuliko niliyouza khanga.

Wameahidiwa tena mwaka 2025, baada ya kimbunga, sheria mpya ya kusawazisha malipo. Shangazi hakusema kitu nilipomsomea kwa simu. Ana miaka tisini na ushei.

Nyota ya nne usiifute ubaoni, mwalimu. Lakini binti akikuuliza ni ya nani, usimjibu haraka.

Mwalimu_Chumbageni

Sitaifuta mama. Ile karatasi ya kura ya 1976, naweza kuomba picha yake? Ningewaonyesha darasani.

BintiMtendeni

Nilijua utaiomba. Kimbunga Chido, Desemba 14, 2024, kilipita juu ya Pamandzi kikaondoa bati lote la nyumba ya shangazi. Yeye walimtoa salama, alikuwa msikitini na majirani. Sanduku la vitabu liliroa siku mbili kabla ya mtu kulifungua. Msahafu wameukausha juani ukurasa kwa ukurasa, binti yake mkubwa ndiye anayeufungua, na anasema kuna kurasa zimeshikana hataki kuzilazimisha.

Akizibandua nitakuwekea hapa.